Kitabu cha tatu kimetuvunja moyo



Wengi mumeniuliza: "Yaya Kapita, ile buku ya tatu iko namna gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja ku robine na mlangoni pa darasa, nikaona heri niandike mara moja tu. Jibu fupi: imenivunja moyo. Jibu refu linafuata, na anayetaka kunikasirikia anikasirikie baada ya kusoma mpaka mwisho.

Kwanza niungame. Kitabu cha kwanza cha Divergente mimi sikukinunua wala sikukiazima, nilikikamata. Ilikuwa mwaka jana, saa nne ya usiku, taa za bweni zimekwisha kuzimwa, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa chini ya blanketi na toroshi. Akanililia: "Yaya, unihurumie, nabakisha kurasa tatu tu!" Kanuni ni kanuni, nikachukua. Kisha nikaketi kitandani kwangu nikafungua nione ni kitu gani kinachomnyima mtoto usingizi, na kengele ya asubuhi ikanikuta bado ninasoma. Mwenyewe nilimrudishia bila adhabu. Ningemwadhibu kwa uso gani?

Kwa wale ambao hawajasoma, nitaeleza kidogo. Mwandishi ni Veronica Roth, Mmarekani aliyezaliwa 1988, na alianza hadithi hii akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Kitabu cha kwanza kilitoka 2011, cha pili 2012, cha tatu 2013. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza, sisi tunavisoma kwa Kifaransa. Hadithi yenyewe ni ya Chicago, mji wa Marekani, katika siku za mbele ambazo hazijafika. Mji umezungushiwa uzio, na watu wamegawanyika makundi matano kwa tabia zao: Altruistes wanaojitoa kwa wengine, Audacieux wasioogopa, Érudits wenye elimu, Sincères wanaosema kweli hata pasipo lazima, na Fraternels wapenda amani. Kijana akifikia miaka 16 anapimwa, halafu anasimama mbele ya watu wote na kuchagua yeye mwenyewe. Anajikata mkono kwa kisu, damu yake inadondoka ndani ya bakuli la kundi analolitaka. Msisahau ile damu, nitairudia.

Beatrice alizaliwa kati ya Altruistes. Kipimo kinasema yeye hafai kundi moja tu, anafaa zaidi ya moja, na mtu wa namna hiyo anaitwa Divergente, tena ni hatari kujulikana. Anawaacha baba na mama, anachagua Audacieux, anajiita Tris. Mwajua wenyewe namna hadithi hii ilivyotushika. Vyumba vya bweni vilipewa majina ya makundi. Wa chumba cha pili walikuwa Audacieux, wakaanza kuruka kutoka juu ya ukuta wa bafu mpaka mmoja akateguka mguu, nami nikatoa adhabu ya kufagia kwa juma zima. Lakini moyoni nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niliwasikia wasichana wa mwaka wa tatu wakibishana usiku juu ya jambo la maana: je, mtu ni kile alichozaliwa nacho, au ni kile anachochagua?

Kitabu cha pili nakipita haraka. Ni vita tu, mbio na bunduki. Caleb, ndugu ya Tris, anamsaliti dada yake kwa mkubwa wa Érudits, na mwishoni watu wanaonyeshwa filmu ya zamani inayowaambia kwamba nje ya uzio kuna dunia inayowangoja. Tulifunga kitabu hicho tukiwa na kiu. Cha tatu tulikingoja miezi mingi, mpaka binamu wa mmoja wetu alipokileta kutoka Bukavu ndani ya mfuko wa mchele.

Basi Tris na wenzake wanatoka nje ya uzio. Wanafika pahali palipokuwa zamani uwanja mkubwa wa ndege wa Chicago, O'Hare, na pale kuna ofisi ya serikali yenye wataalamu. Wanaelezwa kwamba mji wao wote ulikuwa jaribio. Eti zamani wataalamu waliwabadilisha watu jeni zao ili wawe wema, kazi ikaharibika, vita kubwa ikazaliwa. Eti tangu siku ile watu ni wa namna mbili, wenye jeni safi na wenye jeni zilizoharibika. Miji kama Chicago ilifungwa ili kungojea damu ipone yenyewe kizazi kwa kizazi. Na Divergente ni nani? Ni mtu ambaye damu yake imekwisha kupona. Basi!

Niliposoma ukurasa ule niliweka kitabu chini. Katika kitabu cha kwanza damu ilidondoka pale mtu alipoituma. Katika cha tatu damu ndiyo inayomtuma mtu. Ule ujasiri wote wa Tris, ile kuwaacha wazazi, kumbe mzizi wake ni damu yake safi? Na Tobias, kijana anayempenda, yule tuliyemjua kuwa Divergente kama yeye, anapimwa tena na kuambiwa: hapana, wewe umeharibika.

Hapa sharti niwe mwenye haki. Kurasa za Tobias baada ya kipimo kile ni nzuri kupita zote za kitabu hiki. Mtu ambaye jana alikuwa hodari, leo anajitazama mikono kama ya mgeni, kwa sababu ya karatasi moja. Hasira yake inamtia katika shauri baya la wengine, bomu linapasuka, na rafiki yao Uriah anaumia bila tumaini la kupona. Tena kuna msichana, Nita, anayewaonyesha kwamba watu walipigana vita zamani sana, kabla mtaalamu yeyote hajagusa jeni ya mtu. Maana yake hadithi ya damu iliyoharibika ni uwongo wa wakubwa. Nilisema moyoni: sasa mwandishi amefika penyewe.

Sisi wa upande huu wa inchi hatuhitaji kufundishwa na Chicago jambo hili. Mwalimu wetu wa historia alitueleza namna Wabelgiji, katika miaka ya 1930, walivyoandika katika karata ya kila mtu wa Ruanda kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karata ikawa kama jeni: mtoto anaipata kwa baba yake, hachagui kitu. Na katika 1994, mbele ya bariere, neno moja la karata lilitosha kumwua mtu. Wengi wetu tuna jamaa waliovuka mpaka mwaka ule, au waliowapokea waliovuka. Na sisi wenyewe tunaulizwa njiani: "Weye uko kabila gani?" kabla ya kuulizwa jina.

Na hata humu bwenini. Katika muhula wa pili tulimpokea mwanafunzi mpya, mudeplase, ambaye Kiswahili chake si kama chetu. Siku moja palitokea fujo juu ya ndoo ya maji, nikasikia mtu akimwambia: "Weye uko damu ya kuharibika, toka hapa." Niliita wote wawili. Yule aliyetukana akanijibu kwa kicheko: "Yaya, ni maneno ya mu buku tu." Ni kweli, ni maneno ya mu buku. Lakini yule mwingine hakuwa amesoma buku ile. Alisikia neno, na alilielewa vizuri kabisa bila mtu kumtafsiria.

Kwa hiyo nilifungua tena kitabu nikitafuta mwandishi atafanya nini na wale wataalamu. Ni wao waliopima watu, waliofunga miji, na waliotazama vita ya Chicago katika televisheni zao kama sisi tunavyotazama mpira. Nilitaka waulizwe. Nilitaka Tobias asimame mbele ya yule mkubwa wao, David, na kusema: nitazame, ndimi uliyeniita mbovu. Hamtasadiki alichofanya mwandishi. Aliwapa dawa ya kusahau.

Ndiyo, dawa ya kusahau. Wakubwa wa ile ofisi walikuwa na dawa inayofuta kumbukumbu, na walitaka kuimwaga juu ya Chicago ili jaribio lianze upya. Vijana wetu wanachukizwa: huu ni uovu, kumfutia mtu maisha yake! Kisha shauri lao ni lipi? Kuiiba dawa ileile na kuimwaga ndani ya ofisi, ili wataalamu wasahau chuki yao na kufundishwa upya kama watoto wadogo. Caleb msaliti alikuwa amekubali kwenda kufa kwa kazi hiyo. Saa ya mwisho Tris anachukua nafasi yake. Anapita ndani ya dawa ya kifo iliyolinda chumba na hafi, anamkuta David na bunduki, anapigwa risasi, anabonyeza kifungo, anakufa.

Wengi wenu mulilia pale, na chumba cha pili wangali wanalia. Mimi silalamiki kwamba alikufa. Mtu aliyezaliwa kati ya wanaojitoa anaweza kufa hivyo, ni haki ya hadithi. Ninalouliza ni hili: alikufa kwa ajili ya nini? Alikufa ili waliokosa wasahau kwamba wamekosa. Kesho yake David anaamka mtu mpole, hana deni kwa mtu yeyote. Aliyesahaulishwa atatubu nini? Ataomba msamaha kwa nani? Na Tobias, aliyeitwa mbovu, ataulizia wapi haki yake, ikiwa wote waliomhukumu hawajui tena kwamba walimhukumu? Katika inchi yetu tuna watu wakubwa ambao hawakumeza dawa yoyote na wamesahau vizuri sana. Waliochomewa nyumba hawajasahau.

Na angalieni jambo lingine. Kitabu kinasema kwa kinywa kwamba damu safi ni uwongo. Lakini aliyepita dawa ya kifo akabaki hai, aliyewaokoa wote, ni nani? Ni yule mwenye damu safi. Yule aliyeitwa mbovu alikuwa mbali, mjini, akarudi na kukuta maiti. Kinywa kinakana damu, hadithi inaivika taji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwandishi alijua njia bora. Wakati ule ule Tobias alikwenda mjini kwa mama yake Evelyn, aliyekuwa ameshika utawala na kujitayarisha kwa vita. Alikuwa na dawa ya kusahau mkononi. Angeweza kumnywesha kwa hila. Hakufanya hivyo: alimweleza kweli, akampa kuchagua kati ya vita na mtoto wake. Mama akachagua mtoto, akaacha utawala, akauhama mji kwa muda. Someni kurasa zile polepole. Mtu mwenye kosa anatazamwa usoni, anajua alilolifanya, na anageuka na akili zake zote. Kwa nini mama wa Tobias alistahili hayo, na wataalamu wote wakanyweshwa kama kuku?

Kuhusu uandishi sitasema mengi. Vitabu viwili vya kwanza anasimulia Tris peke yake, cha tatu wanapokezana yeye na Tobias. Sauti zao zinafanana mno. Mara nyingi nilirudi mwanzo wa sura kutazama ni nani anayesema. Tena msomaji mwenye akili anatambua mapema kwa nini msimulizi wa pili amehitajiwa ghafla. Filmu nazo ziliishia njiani: ya tatu ilitoka 2016 na kusimulia sehemu ya kwanza tu ya kitabu hiki, na ya nne iliyoahidiwa haikutengenezwa. Hatukukosa kitu.

Mwalimu mmoja aliniambia: "Kapita, unajisumbua bure, hiyo ni hadithi ya kutunga." Kwa heshima yote, mwalimu, nilikuwa pale siku ya ndoo ya maji.

Yule aliyetukana hakufagia. Nilimwambia akae na mwenzake jioni moja na kumsimulia kitabu cha kwanza chote, kutoka mwanzo, kwa Kiswahili. Walichukua jioni nne. Sasa yule mgeni anataka kusoma vingine. Cha pili kiko kwa wa mwaka wa nne. Cha tatu kiko kwangu, karatasi ya juu imechanika, kurasa zote zipo. Anayekitaka aje kabla ya mitihani ya Serikali, maana nyuma ya hapo kinarudi Bukavu kwa mwenyewe. Na toroshi chini ya blanketi bado ni marufuku.

Kapita wa bweni la wasichana, mwaka wa sita