Kaptula ya bahari ni kazi ya fundi wetu



Hebu mwangalieni mvuvi yeyote hapa pwani ya Palma. Amevaa kaptula ya maua, ile ya kukauka upesi. Ilishonewa watu wa Ulaya au Marekani wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Ilipochoka ikatiwa kwenye robota la mitumba, ikafika kwetu. Msumbiji mitumba tunaiita kalamidade, yaani maafa, maana miaka ya 1980 nguo hizo zililetwa kama msaada wakati wa vita na njaa. Hata nguo yetu ina jina la msiba!

Lakini kaptula ile haikuanzia kiwandani. Miaka ya 1950, huko Hawaii, vijana wa mawimbi walikwenda kwa fundi M. Nii, mji wa Waianae, wakataka kaptula isiyochanika baharini. Akawapima, akawashonea. Fundi wa mtaani tu. Leo kampuni kama Patagonia inashona kaptula kwa nailoni ya nyavu kuukuu zilizokusanywa Amerika ya Kusini, na dunia inasifu kwamba ni mitindo ya kutunza mazingira.

Sasa sisi tumekosa nini? Mafundi wapo, wamekimbia vita na ujuzi wao kichwani. Kalamidade ipo, vipande vya kapulana vipo. Na mteja yupo: mvuvi mwenye kaptula iliyotoboka. Kutoa kaptula moja katika suruali mbili mbovu, hiyo kazi mama zetu wanaijua tangu zamani.

Mwaka jana tulipata mafunzo ya wiki tatu. Tukashona vipochi vya kuwauzia watalii. Watalii gani, vitani? Picha zikapigwa, cherehani zikarudi kwenye gari. Wenzetu wakaandikwa wamefuzu, na hakuna aliyebaki hata na sindano.

Ndugu wa mashirika, tunawaomba mambo mawili. Mkileta cherehani, ziacheni, na uzi wake. Na sare za watoto mnazonunua mbali, nunueni kwa mafundi wa hapa kambini.

Na sisi vijana, tusione haya kuvaa kiraka. Tukishona wenyewe, nguo hiyo hatutaiita tena maafa.