Korea kwa Treni, Pamoja na Bibi



Tumepokea barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Binti yake amemaliza kidato cha nne, na mwakani, Mwenyezi Mungu akijaalia, ataondoka nyumbani kwenda kusoma mbali. Mama angependa wasafiri pamoja kabla ya siku hiyo: yeye, mumewe, binti, na bibi mzaa mama ambaye magoti yanamsumbua. Binti, kama wenziwe wengi waliokulia mbele ya tamthilia za Kikorea, amechagua Korea Kusini. Baba ameridhia kwa sharti kwamba sala zisipotee wala pasiliwe kisichojulikana. Fedha ni akiba ya chama ya miaka mitatu, na hapana nyingine nyuma yake. Wakala amewapa ratiba ya safari ya treni yenye kiongozi, na mama atuuliza iwapo watie sahihi.

Ratiba hiyo tumeisoma. Jawabu letu ni kwamba waende, na waende kwa treni, lakini si kwa mpango huo. Siku tisa zimetiwa miji mitano na kisiwa cha Jeju, ambacho hakifikiwi kwa reli. Aliyeipanga hakuwa na bibi akilini. Jeonju iko kwenye njia ya kusini-magharibi na Gyeongju iko kusini-mashariki. Kutoka mmoja kwenda wa pili kwa treni ya kasi sharti mtu arudi kaskazini hadi Osong, ashuke na kupanda nyingine. Kila badiliko la treni ni ngazi, ni masanduku, ni kuharakishwa, kwani treni za kule husimama stesheni za njiani dakika chache tu na hazimngoji mtu.

Sisi tungechagua njia moja na kuishikilia: Seoul, Gyeongju, kisha Busan. Treni ya kasi iitwayo KTX ilianza kazi Aprili 2004. Huenda kilomita 300 kwa saa, na kutoka Seoul hadi Busan, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, huchukua kiasi cha saa mbili na nusu. Masafa hayo hayapungui sana yale ya Mombasa na Nairobi, ambayo treni yetu huyamaliza kwa saa tano na zaidi. Siku nne Seoul, mbili Gyeongju, tatu Busan. Binti atalalamika kwamba Jeonju imeachwa. Na alalamike.

Kuhusu majira, likizo ya Aprili ndiyo bora. Maua ya miti ya cheri huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na baridi huwa imepungua. Agosti ni joto na mvua. Disemba Seoul huganda, na magharibi huingia kiasi cha saa kumi na moja na robo jioni, hata baina ya adhuhuri na magharibi mtu hana nafasi ya kutembea. Tena waepuke sikukuu mbili za Wakorea, Seollal ya mwaka mpya na Chuseok ya mavuno. Zote hufuata mwezi na hubadilika tarehe kila mwaka. Siku hizo taifa zima huwa njiani kurudi kwa wazee na tiketi za treni huisha mapema.

Seoul, kasri la Gyeongbokgung lililojengwa mwaka 1395 hufungwa kila Jumanne. Mwenye ratiba asiyelijua hilo atawafikisha langoni bure. Aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia bila kulipa. Sketi yake ni pana na ndefu hadi miguuni, mikono imefunika, na mtandio hukaa juu yake bila taabu. Vazi hilo hukodishwa katika maduka yaliyo karibu na kasri. Tunamwonya baba mapema kuhusu wingi wa picha.

Kuna jambo jingine ambalo binti anaweza kulianza hapa nyumbani. Mfalme Sejong alibuni herufi za Kikorea, Hangul, mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, ili watu wa kawaida wasiojua maandishi ya Kichina waweze kusoma. Leo herufi za msingi ni 24. Sisi ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tunajua raha ya kulitambua jina lako katika hati ngeni. Majuma mawili yatamtosha kusoma majina ya stesheni.

Tufikie chakula, kwani hapo ndipo sharti la baba lilipo. Nguruwe ni kitoweo cha kila siku kule, mvinyo wa kupikia hutiwa katika nyama nyingi, na hata ile rojo nyekundu ya pilipili iitwayo gochujang, pengine ile ya dukani hutiwa kilevi ili isiharibike. Kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, inafanana na achari, na aghalabu hutiwa dagaa au kamba waliotiwa chumvi, jambo lisilotutisha watu wa pwani. Wali wa mboga na yai, bibimbap, waweza kuagizwa bila nyama, ila rojo yake iulizwe. Kiongozi aandike kikaratasi kwa Hangul: hatuli nguruwe, hatuli nyama isiyochinjwa Kiislamu, hatutumii kilevi hata cha kupikia. Kila mmoja awe nacho mkobani. Busan mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa soko la samaki la Jagalchi liko pale bandarini na samaki huchaguliwa mbele ya macho yako.

Msikiti mkuu wa Seoul uko juu ya kilima mtaani Itaewon. Ulifunguliwa mwaka 1976. Kiwanja kilitolewa na serikali ya Korea, na fedha za ujenzi zikatoka nchi za Kiislamu. Mikahawa ya halali imeuzunguka. Njia yake ni mpando mkali, basi bibi apelekwe kwa teksi hadi mlangoni. Busan nako kuna msikiti tangu mwaka 1980. Kwingineko sala zitategemea mpangilio, na kiongozi aandike katika ratiba ni wapi na saa ngapi kundi litasimama. Ahadi ya mdomo haitoshi. Kukusanya na kupunguza kwa msafiri wanakujua. Kuhusu zile siku nne za Seoul wamuulize shekhe wao kabla ya kuondoka.

Gyeongju tunaipenda kuliko miji yote mitatu. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, na makaburi ya wafalme wake ni vilima vya majani katikati ya mji, katika bustani tambarare ambayo bibi ataizunguka polepole bila ngazi. Ibn Khurdadhbih, mwanajiografia wa karne ya 9, aliitaja Silla na kusema kwamba Waislamu waliofika huko walikaa kwa uzuri wake. Hekalu la Bulguksa lina ngazi nyingi. Wanaotaka kulitazama watazame, na bibi abaki na mmoja wao. Stesheni ya treni za kasi iko mbali na mji wa kale, hivyo gari la kuwapokea liwe limeshapangwa.

Wakorea huvua viatu mlangoni kama sisi. Lakini nyumba za wageni za jadi hulaza watu kwenye godoro sakafuni, na baadhi ya mikahawa hukalisha watu chini. Bibi aombewe kitanda na kiti kwa maandishi. Mabwawa ya kuogea ya umma, hata yale ya wanawake peke yao, watu huoga uchi kabisa. Hayo yafutwe katika ratiba. Yafutwe pia maduka ya jinseng na vipodozi, ambayo safari za bei rahisi huyatumia kufidia gharama kwa saa zenu.

Mwisho ni fedha. Pasi ya Kenya yahitaji viza, na ombi hupitia ubalozi wa Korea ulioko Nairobi. Familia moja tunayoijua ilimlipa wakala kila kitu, viza ikakataliwa, na hadi leo wanadai. Lipeni amana ndogo, na karatasi iseme itarudishwaje.

Katika KTX za awali nusu ya viti hutazama nyuma, ila katikati ya behewa kuna viti vinne vinavyoelekeana penye meza. Tulimwandikia mama aviombe mapema. Amejibu kwamba bibi, aliyewahi kulala katika garimoshi la usiku la Mombasa na Nairobi, hajali kwenda kinyumenyume, maadamu mjukuu wake yuko mbele yake na dirisha liko upande wake.