Wazee wa Chawia nao waketi mezani

Mradi wa kuwafungulia wageni misitu na mapango ya Chawia, huku Taita, naunga mkono kabisa. Ila washirika wasiwe Makavazi ya Taifa, kaunti na watu wa misitu tu, halafu wazee waitwe siku ya uzinduzi kufungua kwa maombi. Hao ndio wanaojua fighi, yaani misitu mitakatifu, ziko wapi na nani aruhusiwe kuingia. Yale mapango ambamo Wadawida (Wataita) walipanga mafuvu ya wazazi wao, moja kando ya lingine chini ya mwamba, si ya kuwekewa kibao barabarani. Wapiga selfi watajaa! Sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 inataka jamii iridhie kwanza. Na ada za wageni je, zitaingia akaunti ya nani?