Ukurasa wa Jamaa: Zawadi kwa Mwenye Kupenda Bustani



Barua moja imetufikia toka Misisi, katika Fizi. Ndugu anayechimba huko anauliza hivi: "Pasta, mwisho wa mwaka nitarudi Uvira. Kila mara ninamletea bibi yangu kitenge. Sasa nimesikia ameanza bustani ndogo nyuma ya nyumba, na anaipenda sawa vile mtoto. Nimupelekee nini?"

Ndugu, ulizo lako limenifurahisha. Wengi wanashuka toka karieri na redio kubwa, na nyuma ya juma mbili redio imekwisha kuuzwa juu ya deni. Lakini usifikiri zawadi ya bustani ni jambo jepesi. Kitenge kikiwa kibaya, mama atakikunja na kukiweka ndani ya sanduku. Mmea ukiwa mbaya hauketi pekee yake. Mimi ninajua, na nitawaelezea kwa haya.

Mwaka 2012 nilipanda milimani kutembelea wakristo. Wakati wa kurudi nilikumbuka mama mmoja mjane wa kanisa letu, mwenye kupenda mimea kupita watu wote ninaowajua. Katika shamba moja njiani niliona migomba mizuri, nikaomba vichipukizi vitatu. Mwenye shamba alinipa bure. Nikavifunga juu ya gari, nikamletea. Yule mama aliimba! Akavipanda karibu na migomba yake ya zamani.

Mvua haikumalizika, majani yakaanza kuwa manjano na kulegea, sawa vile yamepigwa na moto. Kisha migomba yake ya zamani ikashikwa. Ndizi zikaiva mbele ya wakati, na ulipozikata, ndani zilikuwa za rangi ya kahawia. Ukikata shina, unaona usaha wa manjano unatoka. Ulikuwa ule ugonjwa wa bakteria wa kunyauka kwa migomba, ambao ulionekana Uganda na Masisi mwaka 2001, na toka pale ukateremka Kivu yote. Panga yake ikaupeleka kwa jirani, juu waliazimana panga. Jirani alikuwa anauza ndizi na kulipa masomo ya watoto nazo. Tuling'oa yote, tukakatakata, tukazika, tukangoja miezi sita bila kupanda mgomba hata moja pale. Ule mwaka mtoto mmoja wa jirani hakurudi masomoni. Mimi ndiye niliyeleta ile zawadi. Mama mjane hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lilinichoma zaidi.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako, ndugu wa Misisi: usimbebee bibi yako kichipukizi cha mgomba wala miti ya mihogo toka mbali, hata ukiona ni mizuri namna gani. Ukitaka migomba, utafute ile iliyotoka kwa watu wa kilimo wenye kuichunguza, ao kwa shamba la karibu ambalo unalijua mwaka mzima, na panga ipitishwe kwanza katika moto ao ndani ya maji ya javeli. Kwa mihogo vilevile. Mozaiki unaiona kwa macho: majani yanajikunja, yana madoa ya manjano. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao majani yanaweza kukudanganya, na mihogo ndani ya udongo inaoza kwa rangi ya kahawia. Mbele ya kupokea miti ya kupanda, umwombe mwenye shamba ang'oe shina moja na kupasua muhogo wake. Akikasirika, basi, uende kwa mwingine.

Sasa tuje kwa vile unaweza kubeba.

Jembe ni zawadi nzuri, lakini ina hatari yake. Mama mmoja aliniambia: "Pasta, bwana aliniletea jembe siku ya Noeli. Alitaka kunipa zawadi ao kazi?" Ni kweli, wazee wa sehemu nyingi za Maziwa Makuu walitoa majembe katika mahari, na halikuwa tusi. Lakini wakati umebadilika. Ukileta jembe, lete moja dogo lenye mpini mwepesi wa kumfaa yeye, si ile yako ya shimoni, na siku ya kwanza ulime nayo wewe mwenyewe mbele ya macho yake. Na kitenge ulete pia, usikiache!

Mimi ninaona zawadi kubwa kwa mtu wa Uvira ni kitu cha kunyweshea maji. Hapa kwetu kando ya ziwa kiangazi ni kikali, toka mwezi wa sita mpaka wa tisa, na bustani nyingi zinakufa wakati ule. Ile kopo yenye mdomo wa matundu, inayoitwa arozwari, inateremsha maji pole pole, mbegu ndogo hazichukuliwi. Ukikosa franga, chukua bidoni ya mafuta ya kula, toboa kifuniko kwa msumari wenye moto. Inafanya kazi ileile.

Hapa nisimame kidogo, juu ninawaandikia watu wa karieri. Bidoni na pipa zilizochukua zebaki, ile munayoita merkire, ao sianidi, zisiingie katika bustani, hata ukiziosha mara saba sawa vile Naamani katika Yordani. Usibebe pia udongo wa fasi munapooshea dhahabu eti ni mweusi na mzuri. Na mama anayelima mboga karibu na fasi munapochoma dhahabu, ule moshi unashuka juu ya majani yake. Mboga yenye majani inaushika. Mukachome mbali na nyumba, mbali na watoto, mbali na lenga-lenga.

Kwa mtu anayeanza, mbegu za lenga-lenga ni zawadi isiyovunja moyo. Anazichanganya na mchanga mkavu, anazitawanya, na katika juma tatu ao nne anakula. Ongeza mbegu za bilinganya na tomati. Lakini mbegu za sokoni, zile zinazopimwa kwa kijiko, uzijaribu mbele: weka kumi ndani ya kitambaa chenye maji, ungoje siku kadhaa. Zikiota saba ao nane, peleka. Zikiota mbili, umenunua vumbi. Matembele nayo ni rahisi, jirani wa karibu atakupa mashina bure, lakini uyaangalie majani kwanza.

Na mti wa matunda? Mwembe, avoka, mlimau? Hapa uulize kwanza: ile kiwanja ni ya nani? Hii ndiyo fasi watu wengi wanaanguka. Kwetu mtu akipanda mti, watu wanasema anajitwalia udongo. Mpangaji akipanda mwembe, mwenye nyumba ataona vita inakuja. Someni tena habari ya Ahabu na Nabothi, 1 Wafalme 21. Mfalme alitaka bustani ya mboga tu, na damu ikamwagika. Kwa mpangaji, umpe magunia mawili matatu, udongo mwema na samadi iliyooza. Unajaza gunia, unaweka mawe katikati toka chini mpaka juu ili maji yapite, unatoboa kando na kupanda mboga katika matundu. Siku akihama, anahama na bustani yake. Nyuma ya Mulongwe kufurika mwezi wa nne mwaka 2020, na ziwa kupanda mwaka 2021 na tena 2024, jamaa ngapi za Uvira zimehama? Mwenye gunia aliweza kulisukuma mpaka fasi ya juu. Mwenye mwembe aliuacha.

(Kwa wale wa pembeni kabisa ya ziwa: gunia halizuii kiboko. Usiku akitoka majini anakula anachokipata. Musimfukuze kwa tochi na mawe, yeye ana mbio kupita ninyi.)

Kama umechagua mti na kiwanja ni chenu, usiununue Misisi. Njia ya Lulimba, Fizi na Baraka juu ya kamio, kwa jua na vumbi, itauua. Ununue katika pepinyeri ya Uvira siku ukifika, ukiwa bado na franga mfukoni, mti ambao mizizi yake haijatoboa sashe. Mukachimbe shimo wawili. Wakati wa kupanda mupasue sashe na kuitoa, watu wengi wanaisahau ndani, na nyuma ya mwaka wanamlaumu shetani.

Ndugu wa Misisi, utuandikie tena mwezi wa pili, utuambie alisema nini alipoiona arozwari.