Tunauziwa unene wa plastiki

Shaba ya Zambia na Kongo hupita Tunduma juu ya malori ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Kutoka Tunduma hadi kwetu Sumbawanga ni kama kilomita 220 za lami. Lakini omba waya wa amplifaya dukani hapa mjini, geji namba 4, na mara nyingi utakabidhiwa alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba, juu yake plastiki nyekundu inayong'aa.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi zangu nyingi ni magari ya matangazo yanayozunguka minadani, na Noah za vijana wanaotaka sabufa isikike kabla gari halijaonekana. Sina ugomvi na alumini. Nyaya za TANESCO zinazopita juu ya vichwa vyetu ni za alumini, na taa zinawaka. Ninachogombana nacho ni pakiti: imeandikwa wati elfu mbili kwa herufi kubwa, ila haisemi ndani kuna metali gani wala milimita za mraba ngapi.

Geji 4 ya kweli ina milimita za mraba 21 za metali. Ukivuta mita tano za shaba ya kiasi hicho kutoka kwenye betri hadi buti, na amplifaya ikila ampea 80, njiani unapoteza theluthi moja ya volti. Alumini yenye ngozi ya shaba hupitisha umeme kwa takriban asilimia 65 ya uwezo wa shaba, hivyo utapoteza nusu volti. Hilo linavumilika. Balaa ni kwamba unene unaouona mara nyingi ni wa plastiki. Nimemenya waya ulioandikwa geji 4 nikakuta metali ya geji 8, milimita nane na kitu. Hapo unapoteza zaidi ya volti 1.2, na karibu wati 100 zinageuka joto chini ya kapeti. Mwenye gari anasikia besi imelegea, analaumu amplifaya, anakwenda kununua nyingine.

Na fyuzi iliyomo kwenye pakiti hiyo hiyo ni ya ampea 100. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Ikiwa kubwa kuliko waya, waya utaungua kwanza, fyuzi ikiwa nzima. Iwekwe ndani ya nusu mita kutoka kwenye betri, na ukubwa wake ufuate metali iliyomo, si maandishi ya pakiti.

Halafu kuna barabara zetu. Gari linaloteremka Lyambalyamfipa kwenda Muze linatikiswa hadi boliti zinaachia. Alumini hubonyea polepole chini ya boliti na kujijengea utando usiopitisha umeme vizuri. Kiungo kinapata moto, kinalegea zaidi.

Anayejua mambo haya kuliko wote ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Anakwangua kwa kisu. Akiona weupe, bei inashuka papo hapo hadi ya sufuria kuukuu. Fanya kama yeye, ila kwangua sana, maana shaba nzuri nayo hupakwa bati ikawa nyeupe kwa nje. Ndani lazima iwe nyekundu. Kisha pima uzito: mita moja ya geji 4 ya shaba, bila plastiki, ina karibu gramu 190. Ile nyingine haifiki 80. Katika nchi ya malungu, ambako Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo, ni aibu kuuziwa metali usiyoijua.

Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1975. Lilazimishe kila pakiti ya waya wa gari itaje mambo mawili tu: metali, na milimita zake za mraba. Wauzaji wananijibu kwamba mteja anayetoka Laela hataki kusikia bei ya shaba. Sawa, asilazimishwe. Aelezwe kwamba hii ni alumini, kwa hiyo badala ya geji 4 achukue geji 2, yenye milimita 33, nayo itafanya kazi ile ile. Na alipe bei ya alumini.