Sega iliangushwa na dharau, si bei

Wanafunzi wengi wa somo la biashara huamini kwamba katika soko huria mshindi ni yule mwenye bidhaa bora au bei nafuu. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Lau vijana wetu wanaoshinda katika vibanda vya PlayStation wakati wa likizo wangeichunguza historia ya mashine hizo, wangegundua kwamba ipo rasilimali nyingine isiyoonekana katika daftari la hesabu, nayo ni uaminifu kwa washirika.

Tuitazame kampuni ya Sega ya Japani. Mashine yake ya michezo ya video, Genesis, iliingia Marekani mwaka 1989. Mwaka 1991 ilipunguziwa bei na kuuzwa pamoja na mchezo wa Sonic, ikaitikisa Nintendo iliyokuwa imelitawala soko. Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnamo Novemba 1994, Sega iliwauzia Wamarekani kifaa cha 32X cha kuiongezea Genesis nguvu, kwa dola 159. Mwezi uo huo ilizindua huko Japani mashine mpya kabisa, Saturn, na haukupita muda mrefu kabla ya 32X kutupwa. Walioinunua waliachwa kwenye mataa.

Kisha yakaja makuu zaidi. Sega ilikuwa imetangaza kwamba Saturn ingeanza kuuzwa Marekani Septemba 2, 1995. Mwezi Mei, katika maonyesho ya Los Angeles, ikatangaza ghafla kwamba mashine hiyo tayari iko madukani, kwa dola 399. Lakini ilipelekwa katika maduka machache tu yaliyoteuliwa. KB Toys, mojawapo ya makampuni yaliyorukwa, ilikataa kuuza bidhaa za Sega. Waundaji wa michezo nao, waliokuwa wakijiandaa kwa Septemba, walijikuta hawana mchezo uliokamilika. Katika maonyesho yayo hayo, Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akataja tarakimu 299 tu, akashuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya PlayStation.

Yamkini msomaji atasema kwamba tofauti hiyo ya dola 100 ndiyo iliyoiua Saturn. Sikatai kwamba iliumiza. Lakini bei hupunguzwa kwa siku moja, ilhali imani iliyovunjika haiungwi kwa tangazo. Ushahidi ni Dreamcast, ambayo Sega iliiuza Marekani kuanzia Septemba 1999 kwa dola 199 tu, ikiwa na modemu ya kuiunganisha na intaneti. Ilikuwa mashine bora kwa bei nafuu. Hata hivyo Electronic Arts, kampuni kubwa ya kuunda michezo, ilikataa kuitengenezea hata mchezo mmoja, na wanunuzi wengi wakaamua kuingojea PlayStation 2. Mnamo Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kuunda mashine, ikabaki kuunda michezo ya kuchezwa katika mashine za waliokuwa mahasimu wake.

Isitoshe, Sony yenyewe iliingia vitani kwa sababu ya dharau. Mwaka 1991, huko Chicago, ilitangaza kwamba ingeshirikiana na Nintendo kuunda mashine ya kutumia diski. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba mshirika wake ni Philips. Sony iliyofedheheshwa hadharani ikaenda kuunda mashine yake. Iliwavutia waundaji wa michezo kwa diski zilizokuwa rahisi kutengeneza, huku Nintendo iking'ang'ania katriji za gharama kubwa. Square, iliyokuwa mwandani wa Nintendo, ikahamia Sony na kuitolea Final Fantasy VII mwaka 1997. PlayStation iliuzwa zaidi ya milioni 100, na Saturn haikufika milioni 10.

Walimu wa biashara wana wajibu wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba muuza duka, fundi na mnunuzi si ngazi za kupandia na kuzipiga teke. Kijana anayeota kuanzisha kampuni na akahitimu bila kulijua hilo, atakuwa amefunzwa kuhesabu faida pasipo kufunzwa inakotoka.