Juma Moja kwa Safari ya Siku Moja: Barua ya Wazi kwa FONER

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Kitaifa wa Matengenezo ya Barabara (FONER), Kinshasa. Nakala kwa Gavana wa Jimbo la Kivu ya Kaskazini, Beni, na kwa wakuu wa Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Gari linalofika kwenye bariere ya peage hulipa kwanza, ndipo lipite. Dereva anapewa tiketi, kamba inashushwa, na bisi inaingia katika matope yaleyale ya juma lililopita. Sheria ya Julai 2008 iliyoiunda taasisi yako iliipa vyanzo viwili vya fedha ambavyo kila mwananchi anavijua, tozo juu ya mafuta ya gari na malipo ya peage, na ikaipa kazi moja, kugharimia matengenezo ya barabara. Barua hii haiombi lami. Inaomba kitu cha bei ndogo kuliko lami: sehemu ya fedha hizo igeuke mishahara ya vibarua wa kudumu na mitaro iliyo wazi kwenye Barabara ya Kitaifa nambari 2, kuanzia Butembo hadi Lubero sasa hivi, na kuendelea hadi Kirumba, Kayna na Kanyabayonga siku njia iliyofungwa na vita itakapofunguka. Na inaomba kazi hiyo ipimwe kwa muda ambao abiria anautumia njiani, si kwa idadi ya mashine zilizopigwa picha siku ya uzinduzi.

Nasema abiria kwa makusudi. Barabara hii inajulikana kwa mizigo yake: viazi na maharagwe ya milima ya Lubero, samaki wa Vitshumbi, bidhaa zinazoingia kwa Kasindi. Wakubwa wanapoitetea au kuisahau, wanahesabu kamioni. Lakini Hiace inayotoka Kayna kwenda Butembo, njia ikiwa wazi, imebeba vitu visivyopimwa kwenye mizani yoyote. Humo ndani yumo mama anayempeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa likizo, shangazi anayewahi matanga, kijana anayerudi masomoni katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na wazee wanaokwenda kuzungumza mahari Beni. Wako watakaosema kwamba safari za jamaa ni raha za watu binafsi, na kwamba Leta, yaani serikali, yenye fedha chache itangulize biashara. Kwetu jamaa ndiyo benki na ndiyo bima. Ada ya shule, mtaji wa kibanda, dawa ya mgonjwa, hayo yote yanapatikana kwa kuonana uso kwa uso na mjomba, na mjomba anakaa ng’ambo ya matope. Simu husaidia, ila hakuna aliyezika baba yake kwa simu akaridhika.

Raha zenyewe pia zina hesabu yake, na sioni haya kuzitaja mbele ya ofisi kubwa. Njia hiyo ya Kayna hadi Butembo, kilomita mia moja na ushee, inapita Kirumba na Kaseghe, inapanda kwenye baridi ya Alimbongo, inashuka Kitsombiro na Lubero, inapita Kimbulu na Musienene na kuvuka ikweta kabla ya kuingia Butembo. Gari likitembea, njia hii ni tamu: mahindi ya kuchoma yanapitishwa dirishani, karoti na kabichi zinanunuliwa kwa ajili ya mwenyeji, chai ya moto inanywewa kando ya barabara huku ukungu ukiwa bado haujaondoka, watoto wanabishana nani ameona ikweta kwanza ingawa haionekani. Wanaouza vitu hivyo ni mamia ya akina mama wanaoishi kwa bisi zinazosimama kidogo na kuendelea. Bisi ikikwama kilomita tano kabla ya kijiji chao, muuzaji anakosa wateja siku nzima, na abiria aliyeweka faranga za mandazi anazitumia kulipia mahali pa kulala.

Tuchukue safari ya kukisia, ingawa dereva yeyote wa njia hii atadhani inasema habari zake. Bisi inaondoka Kayna Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita jiwe limevunja resori. Kipuri kiko Butembo, kwa hiyo anatumwa mtu wa pikipiki, naye anarudi Jumanne jioni. Jumatano mvua inanyesha na kamioni mbili zinazama sambamba pale njia inapokuwa nyembamba, basi nyuma yao kunapangwa mstari wa magari hadi Alhamisi. Vijana wa kijiji wanakuja na majembe na kamba, wanachimba, wanataka malipo, wanalipwa. Ijumaa bisi inafika ikiwa na tangi lililotobolewa, na matanga yalikwisha Jumatano. Jumamosi inakwenda garajini, Jumapili inaanza kurudi. Safari ya siku moja imekula juma zima, na abiria amelipa mara tatu: nauli kwa mwenye gari, peage kwa taasisi yako, na malipo ya vijana wa kamba, ambao ndio pekee kati ya hao watatu aliowaona wakiigusa barabara.

Chanzo cha juma hilo si siri ya wahandisi. Milima ya Lubero hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka, na udongo wake mwekundu ukikauka ni mgumu, ukilowa unateleza. Barabara ya udongo iliyoinuliwa katikati na kuchimbiwa mitaro pande zote mbili hubeba kamioni miaka mingi, kwa sababu maji hayakai juu yake. Mtaro ukizibwa na udongo ulioporomoka au na majani, maji yanahamia njiani. Kwanza kinatokea kijishimo cha upana wa sahani. Gurudumu la kamioni linakipanua, mvua ya pili inakijaza, madereva wanakikwepa kwa pembeni na kuvunja ukingo wa mtaro uliobaki, na baada ya miezi michache pale pana bwawa linalomeza gari hadi milangoni. Kijishimo kile kingezibwa na watu wawili wenye jembe, toroli na changarawe kwa nusu siku. Bwawa linahitaji tingatinga, mafuta yake, ulinzi wake na fedha za dharura kutoka Kinshasa, nazo huja zimechelewa. Hapo ndipo fedha za matengenezo zinapopotea hata pasipo mwizi: zinasubiri hadi kazi ya jembe iwe kazi ya mashine.

Najua jibu la kwanza litakuwa vita, na si jibu la kupuuzwa. Waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Kayna na Kirumba. Desemba ya mwaka huohuo mapigano yalifika hadi Alimbongo. Januari 2025 Goma ilianguka, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Hakuna anayedai kwamba wafanyakazi wa Office des Routes wapeleke majembe yao penye risasi. Lakini vita inaeleza hali ya Kayna, haielezi hali ya Musienene. Kati ya Lubero na Butembo kuna kilomita 45 hivi ambazo mvua inazibomoa na kila mtu anaweza kuzifikia. Tena ni vita hiyohiyo iliyoongeza uzito wa kipande hicho. Familia zilizokimbia Kayna na Kirumba zilipita humo zikiwa na magodoro kichwani, ndugu zao wa Butembo na Beni walipita humo kwenda kuwapokea, na magari ya misaada na ya wagonjwa yanapita humohumo. Vilevile, matope haya hayakuanza na M23. Madereva walilala njiani Lubero miaka mingi kabla ya 2024, wakati ambapo sababu iliyotolewa ilikuwa nyingine.

Jibu la pili ni lami. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilizindua mradi wa pamoja wa barabara za kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma 89. Ni mradi mzuri kwa Beni na Butembo, na anayeubeza hajawahi kusubiri mzigo wa Kasindi. Ila ukitazama ramani yake utaona pengo: lami inakoma Butembo na kuanza tena Rutshuru. Lubero, Kirumba, Kayna na Kanyabayonga, pamoja na mteremko wa Kabasha unaoingia Hifadhi ya Virunga, ziko katikati ya pengo hilo. Kwa hiyo anayetuambia tusubiri lami anatuambia tusubiri mradi ambao haututaji. Na hata lami ikija kesho, itahitaji mitaro ileile.

Wenye bisi wanatupa lawama kwa kamioni zilizojazwa kupita kiasi, na hapo wana haki nusu. Kamioni yenye tani nyingi baada ya mvua huharibu kwa usiku mmoja kazi ya mwezi. Dawa yake inajulikana na Office des Routes wenyewe: kizuizi cha mvua, yaani magari mazito yasimame saa chache baada ya mvua hadi udongo ukauke. Bariere zipo tayari, tena nyingi kupita kiasi. Kinachokosekana ni bariere inayomsimamisha mtu kwa faida ya barabara badala ya faida ya mfuko wa aliyeishika kamba.

Jibu la tatu husemwa kwa tabasamu: watu wa Butembo ni wachapakazi, waachwe wajitengenezee. Ni kweli nchi hii ina historia hiyo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la kanisa la Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, anakumbukwa hadi leo kwa kuwahimiza watu watengeneze barabara kwa mikono na michango yao, na wafanyabiashara wa Butembo waliwahi kufanya kazi ambazo Leta iliziacha. Hata salongo ya zamani, kazi ya lazima ya pamoja, iliizoesha mikono yetu jembe. Lakini enzi hizo FONER haikuwapo. Mwananchi aliyetoa gunia la mawe mwaka 1990 hakuwa ameilipa FONER tozo ya kila lita ya mafuta na tiketi ya kila kupita kwa ajili ya barabara ileile. Kumwomba leo atoe salongo juu ya peage ni kumlipisha mara mbili kazi moja. Kuna njia ya haki zaidi, nayo haihitaji sheria mpya: kamati za vijiji za matengenezo, zile CLER zinazojulikana sehemu nyingi za nchi, zipewe mikataba ya vipande vya kilomita chache, zilipwe kila mwezi, na zinyimwe malipo ya mwezi ambao mtaro wao umeziba. Vijana wanaokodisha kamba kwenye bwawa wangepata mshahara wa kuzuia bwawa lisitokee. Leo wana faida matope yakizidi, na siwalaumu.

Inabaki hoja ya fedha. Ofisi yako itasema mapato hayatoshi kwa nchi nzima, na huenda ni kweli, lakini sisi hatuna namna ya kuamini wala kukataa, kwa sababu mlipaji haonyeshwi hesabu pale anapolipa. Mwaka 2020 mahakama za Kinshasa ziliwahukumu wakuu wa taasisi za barabara za Leta katika kesi za programu ya rais ya siku mia moja, na tangu hapo tiketi ya peage inatolewa na kupokewa kwa mashaka. Sisemi fedha za njia yetu zimeliwa. Nasema kibao kimoja kwenye kila peage, chenye kiasi kilichokusanywa mwezi uliopita, kiasi kilichorudi kwenye njia hiyo, na majina ya vijiji ambako kazi ilifanyika, kingegharimu kidogo kuliko mkutano mmoja wa kueleza kwa nini fedha hazipo.

Tuanzie basi na kilomita 45 za Butembo na Lubero. Mitaro ifunguliwe kabla mvua kubwa za Septemba hazijaanza, kamati za Musienene, Kimbulu na Lubero ziwe na mikataba iliyotiwa sahihi, na vibao viandikwe, hata kwa chaki. Vibarua wakiwa kazini mwezi wa nane, wenye bisi hawatakuwa na sababu ya kubishana kwenye bariere. Wasipokuwapo, kila mwenye gari na kila abiria wa Butembo atakuwa na haki ya kudai, kwa maandishi na kwa njia ya sheria, maelezo ya kazi iliyofanywa na tiketi aliyoshika mkononi.

Kwa heshima,

Mlipa peage wa Barabara ya Kitaifa nambari 2